Uongo Aliousema Kokila Migori

Mwaka wa tisini na saba, mwezi wa Agosti, Kokila alikuwa na mimba ya miezi minne na nusu, na katika miezi hiyo yote hakuna siku aliyoamka bila hofu.

Mumewe, Kirit, alikuwa na bekari Kendu Bay. Familia nyingi za Kihindi zilikuwa zimeshahama mji ule, nyingine zikaenda Kisumu, nyingine Uingereza, zikaacha nyuma maduka yenye baraza ndefu na majina yaliyofifia juu ya milango. Wao walibaki. Kokila mwenyewe hakuwa mgeni wa ziwa. Alizaliwa Homa Bay, binti wa fundi cherehani, akakijua Kijaluo cha sokoni kabla hajajifunza kusoma Kigujarati. Aliolewa akiwa na miaka ishirini na mmoja. Sasa alikuwa na thelathini na miwili, na mabinti wawili, Bijal wa miaka tisa na Hetal wa sita. Na alikuwa na mama mkwe, ambaye nyumba nzima ilimwita Ba, kama Wagujarati wanavyomwita mama.

Ba hakuwa mtu wa makelele. Aliongea polepole, kwa sauti ya chini, na alichokisema kilifanyika. Tangu afiwe na mumewe alikuwa na ombi moja tu, mjukuu wa kiume. Kirit alikuwa mwanawe wa pekee. Kirit ndiye aliyewasha moto uliouchoma mwili wa baba yake kule Kisumu, na kila mwaka ndiye aliyetoa matonge ya wali na maji kwa ajili ya wazee waliotangulia.

"Na Kirit akifa, nani atamwashia?" Ba aliuliza mara kwa mara huku akichambua dengu. "Bijal atakuwa kwa watu. Hetal atakuwa kwa watu. Sisi sote tutakaa huko na kiu."

Hakuwa akitania wala kutisha. Kokila alijua kwamba mama mkwe wake aliiogopa kiu hiyo ya baada ya kufa kama watu wengine wanavyoogopa nyoka, na kwamba alilala nayo na kuamka nayo.

Miaka miwili kabla, Kokila alikuwa amebeba mimba nyingine. Walimpeleka Kisumu, kwenye nyumba moja ya ghorofa, daktari akampiga picha ya tumbo, na picha ikaonyesha msichana. Ba na daktari walinong'onezana mlangoni. Kirit alikuwa ametazama viatu vyake. Kokila aliambiwa apande kwenye kitanda kingine, akapanda. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakusema neno. Hakufungwa kamba, hakuna aliyemshika mkono. Alipanda tu. Waliliita jambo lile kusafishwa, na tangu siku hiyo halikutajwa tena nyumbani.

Lakini yeye hakuliacha Kisumu. Alilelewa na babu mcha Mungu, aliyesali kabla jua halijachomoza na ambaye hakukubali hata siafu wamwagiwe maji ya moto. Babu huyo alimfundisha kwamba roho haimwingii mtoto siku anapolia mara ya kwanza. Imo mle tumboni tangu mwanzo, imetoka mbali, imepita katika maisha mengine, nayo imeuchagua mlango ule kwa sababu zake. Kumuua aliye tumboni, alisema, ni dhambi iliyowekwa pamoja na kumuua mtu mtakatifu, na hakuna mto wala sadaka inayoiosha. Inamfuata mtu hadi kwa watoto wake. Alipokuwa mdogo Kokila aliyasikiliza maneno hayo kama habari za nchi nyingine. Tangu Kisumu, kila Hetal alipopata homa, alikaa kando ya kitanda akiamini kwamba deni limefika na limekuja kumchukua mtoto aliye hai.

Sasa mimba ilikuwa imekuja tena, na Ba alikuwa amesikia habari za daktari wa Migori. Kokila aliyasikia maneno hayo kwa bahati, Ba akiongea kwenye simu na mwanamke wa Rongo. "Anapiga picha," Ba alirudia alichoambiwa, "na ikibidi anamaliza palepale. Vizuri."

Asubuhi ya safari, Phelesia alikuwa uani akifua. Phelesia alikuwa mama wa Kijaluo kutoka vijiji vya hapo karibu, na alikuwa amefanya kazi katika nyumba ile tangu Bijal akinyonya. Alimwona Kokila amebeba begi dogo la nguo.

"Mama Bijal, unaenda wapi na hiyo begi?"

"Migori. Kupimwa."

Phelesia aliacha kufua. "Ile siku ya Kisumu, nguo zako ni mimi nilifua," alisema. "Sikuuliza mtu kitu. Lakini mimi si mtoto."

Kokila alitazama ndani kuona kama Ba yuko karibu.

"Mimi nilizaa wasichana wanne," Phelesia akaendelea, sauti yake chini. "Mzee akaenda akaoa mwingine, huyo akampatia kijana. Ni uchungu, siwezi kukataa. Lakini wasichana wangu wako. Kila mmoja nikimwita anaitika."

Kirit alipiga honi ya pikapu, na Kokila akaenda.

Kliniki ya Daktari Kerosi ilikuwa nyuma ya barabara kuu ya Migori, vyumba vitatu chini ya ghorofa isiyomalizika kujengwa. Kirit aliwashusha akaenda kutafuta mkanda wa mashine ya kukandia unga. Mapokezini alikaa nesi mmoja wa Kikuria, mzaliwa wa Ntimaru, aliyeitwa Bhoke. Alimtazama Kokila, akamtazama Ba, akayaandika majina bila kuuliza zaidi. Walipoitwa, wote wawili walisimama, lakini daktari aliwazuia mlangoni.

"Mama mwenye mimba peke yake," alisema.

"Mimi ni mama yake," Ba alisema.

"Mama mzee, sikiliza. Mambo ya kijana au msichana mimi siandiki popote. Serikali haitaki. Namwambia mwenye tumbo peke yake, kwa mdomo. Akitoka nje atawaambia, hayo ni yenu."

Ba alirudi kwenye benchi. Aliketi wima, mkoba magotini, macho kwenye mlango.

Ndani, Kokila alilala, akapakwa kitu cha baridi tumboni. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na giza na ukungu mweupe, kisha ndani ya ukungu ule kitu kikaruka. Daktari alisogeza kile kifaa chake huku na huku kwa muda mrefu. Bhoke alisimama upande wa pili.

"Anacheza sana huyu," daktari alisema hatimaye. "Mzima kabisa. Ni msichana."

Kokila alishika ukingo wa kitanda. Alisikia masikio yake yakivuma.

"Mama mkwe wako alinipigia simu juzi. Chumba cha pili kiko tayari." Daktari alionyesha kwa kidevu mlango mdogo uliopakwa rangi nyeupe. "Ukitaka leo, ni leo. Ukikataa, mimi simlazimishi mtu. Lakini uamue sasa hivi, maana saa nane naondoka."

Alitoka kwenda kunawa mikono. Kokila aliketi akajifuta tumbo. Mlango mweupe haukuwa umefungwa vizuri, na katika ufa aliona ukingo wa kitanda na beseni chini yake. Miguu yake ilianza kutetemeka, kwanza magoti, kisha mapaja. Aliujua mtetemeko ule. Ndio aliokuwa nao Kisumu, na wakati ule uliishia kumpandisha kitandani, kwa sababu kulala ilikuwa rahisi kuliko kusimama mbele ya watu na kukataa. Alijua kwamba akitoka na kusema msichana, Ba hatapiga kelele. Ba atamshika bega, atamrudisha ndani kwa upole, na yeye atafuata.

"Viatu vyako hivi, mama," Bhoke alisema, akainama kumsogezea. Kisha, bila kumtazama, akaongeza, "Mlango wa nje ni ule wa kulia."

Kokila alivaa viatu akafungua mlango wa kulia. Ba alikuwa ameshasimama.

"Chhokro," Kokila alisema. Ni neno la Kigujarati la mtoto wa kiume.

Hakulipanga. Lilitoka lenyewe, na lilipotoka alihisi kama amekanyaga ngazi ambayo haipo. Uso wa Ba ulibadilika polepole, kama haukuwa na mazoea. Aliinua mikono miwili akaiweka juu ya kichwa cha Kokila, na machozi yakamtoka mwanamke ambaye hakuonekana akilia hata siku ya moto wa mumewe. Kisha akasema anachotaka sasa ni kumshukuru daktari.

"Hapana, Ba, tuondoke, Kirit anangoja."

Lakini daktari alikuwa tayari ametokea mlangoni akijifuta mikono, akishangaa kumwona mgonjwa wake upande wa nje.

"Daktari, asante," Ba alisema kwa Kiswahili. "Kwa hiyo ni kijana."

Daktari alimtazama Kokila. Kokila alimtazama yeye, na hakuweza kuyaondoa macho yake, wala kuyafanya yaseme lolote. Bhoke aliita kutoka ndani, "Daktari, huyu wa kutoka Isebania amelala kitandani, anakungoja."

"Mimi nilishamwambia mwenyewe," daktari alisema. "Alichowaambia ndicho." Akafunga mlango.

Njiani kurudi, Kokila alitetemeka mpaka meno yakagongana. Ba alifikiri ni baridi. Alimfunika kwa pindo la sari yake, akamkumbatia mpaka Kendu Bay.

Tangu siku hiyo Kokila alitunzwa kama hajawahi kutunzwa. Ba alimchemshia maziwa yenye lozi na zafarani, akamkataza kuinua ndoo, akamsugua nyayo kwa mikono yake mwenyewe. Kirit alikuja kutoka bekarini mchana, unga ukiwa bado nyusini, akaongea na tumbo. Wema huo ulimwogofya Kokila kuliko ukali. Kila glasi ya maziwa ilikuwa si yake. Simu ilipolia alisimama alipo hadi asikie ni nani. Kila wiki iliyopita ilimsogeza mtoto mbali na mlango ule mweupe, na wiki hiyohiyo ilimsogeza yeye karibu na siku ya kuzaa.

Siku moja mwezi wa Septemba Kirit alirudi kutoka kupeleka mikate Rongo, akiwa na furaha.

"Nimekutana na daktari wako kwenye kituo cha petroli," alisema. "Nikampa mkate wa maziwa."

Kokila alikuwa akikunja nguo. Aliendelea kukunja ileile. "Alisema nini?"

"Aliuliza hali yako. Nikamwambia tunamngoja kijana. Akacheka kidogo, akasema haya, mngojeeni."

"Basi?"

"Basi. Ulitaka aseme nini?"

Usiku huo na mwingine uliofuata hakupata usingizi. Ule mcheko mdogo aliusikia hata alipokuwa akiwachana watoto nywele.

Mwezi wa Oktoba mvua zilianza, zile mvua ambazo mwaka huo hazikujua kukoma. Siku ya mwezi mpevu Ba alimwalika kuhani kutoka Kisumu, waliyemwita Maharaj, aje kufanya ibada ya shukrani. Ilikuwa ibada ya Satyanarayan, Mungu anayeombwa kwa jina la Ukweli.

Asubuhi hiyo aliketi sakafuni kando ya Kirit, ncha ya sari yake imefungwa kwenye shali ya mumewe kama mke na mume wanavyofungwa mbele ya madhabahu. Kulikuwa na majani ya mgomba, matunda, taa ya samli, na mtungi wa shaba wenye nazi juu yake. Maharaj alisoma, kisha akaeleza. Alisema kwamba anayekuja mbele ya Mungu huyu akiwa na neno la uongo mdomoni, alichokipokea hugeuka mkononi mwake. Mali hugeuka majivu. Mimba, Kokila alimalizia moyoni mwake, hugeuka nini? Mtoto aliruka, na mama akashika sakafu kwa viganja viwili. Ba, nyuma yake, alikuwa akiimba kwa sauti nyembamba ya shukrani. Walipogawa halwa ya semolina iliyobarikiwa, Kokila aliiweka mdomoni na haikushuka. Aliitema kwenye leso alipopata nafasi, halafu akaogopa kwa kuwa ameitema.

Mvua ilimzuia Maharaj asiondoke. Alikaa barazani akila, mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Ba alikuwa jikoni akimfungia chakula cha njiani. Kokila alileta maji na hakuondoka.

"Maharaj, kuna mwanamke Homa Bay," alianza. "Aliniomba nikuulize. Wakwe zake walitaka mtoto atolewe kwa kuwa ni msichana. Yeye akawaambia ni mvulana. Sasa anaogopa."

Maharaj aliacha kutafuna. Alilitazama tumbo lake mara moja, kisha akaitazama mvua.

"Anaogopa wakwe, au anaogopa dhambi?"

"Vyote viwili. Aliketi mbele ya Mungu akiwa na uongo huo."

Mzee aliisogeza sahani yake kando, na jikoni Ba akasikika akifunga kabati.

"Maandiko yanamtaka mwana wa kiume kwa ajili ya moto na kwa ajili ya maji," alisema. "Ni kweli, siwezi kumficha. Nimesoma hayo kwa watu tangu ujana wangu, na huenda nimeyasoma kwa sauti kubwa mno. Lakini hayakusema popote kwamba umuue dada ili kumpisha kaka. Hilo tumeliongeza sisi. Kumuua aliye tumboni ni mwiko, awe mvulana, awe msichana. Wazee hawakutenganisha."

"Na uongo wake?"

"Uongo ni uongo. Una uzito, na yeye atauchukua. Mwambie hivyo, usimbembeleze. Lakini uzito huo unabebeka. Ule mwingine haubebeki, hata na wale wanaojifanya hawauhisi."

Kokila alitaka kusema kwamba anaujua huo mwingine. Badala yake akauliza, "Utamwambia mtu?"

"Mwanamke wa Homa Bay simjui," Maharaj alisema. "Nitamwambia nani?"

Ba alitokea na kifurushi, akacheka kuwaona wameketi pamoja. "Mwombee mjukuu wangu, Maharaj."

"Nimemwombea mtoto," mzee alisema, akasimama.

Uchungu ulianza wiki moja kabla ya Krismasi, asubuhi, mvua ikiwa imenyesha siku nne mfululizo. Barabara ya Homa Bay ilikuwa matope, na walipofika kwenye mto mmoja walikuta daraja limechukuliwa na maji. Ng'ambo lilisimama trekta la mtu aliyekubali kuwapeleka. Vijana wa pale walimketisha Kokila kwenye kiti cha mbao wakamwinua mabegani. Kirit aliingia mtoni mbele yao. Na Ba, ambaye magoti yake yalikuwa mabovu, alikunja sari hadi juu, akaingia majini kando ya kiti, akiushika mkono wa Kokila na kuomba kwa sauti, kila hatua, kwa ajili ya mvulana. Maji yalimfika kiunoni. Kokila alimtazama kutoka juu, na katikati ya maumivu alipata hofu mpya. Aliogopa kwamba mwanamke huyu anaweza kuzama leo kwa sababu ya uongo wake.

Hospitalini alijifungua kabla ya saa tano asubuhi. Mkunga, Teresa, alimwinua mtoto kwenye mwanga.

"Msichana, mama. Kilo tatu kasoro."

"Usiwaambie bado," Kokila alisema.

"Wako mlangoni, mama. Wamesikia mtoto akilia."

Ba aliingia, nguo zake zikidondosha maji. Alifungua kitambaa, akaangalia, akakifunga tena vilevile kilivyokuwa. Alimwangalia mkunga. Kirit alisimama nyuma yake mdomo wazi.

"Migori walisema mvulana," Ba alisema.

"Mashine hukosea, mama mzee," Teresa alisema. "Tumeona wengi. Shukuru mtoto ni mzima."

Hiyo ilikuwa njia ya kutokea, na ilikuwa imefunguliwa na mtu mwingine. Kokila alifumba macho akapita humo. Siku tano hakusema kitu. Kirit alilaumu mashine, akalaumu Migori, akasema barabara ikikauka atakwenda kumwonyesha daktari yule mtoto wake. Ba hakulaumu. Aliketi pembeni akimtazama mtoto kwa mbali, kama mgeni wa mtu mwingine aliyelazwa pale.

Siku ya sita walikuwa wamerudi Kendu Bay. Kwa desturi yao, siku ya sita mtoto huwekewa karatasi nyeupe na kalamu nyekundu, ili mwandishi wa majaliwa aje aandike maisha yake. Ba hakuitoa karatasi. Alasiri ilipofika Kokila aliipasua kwenye daftari la Bijal, akaiweka karibu na kitanda mwenyewe. Ba alikuwa kwenye kiti, Kirit mlangoni.

"Pumzika," Ba alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Mwaka mmoja. Halafu safari nyingine tutakwenda Nairobi. Huko mashine ni za kweli."

Kokila alikuwa na mtoto kifuani. Alihisi magoti yanaanza tena, ingawa alikuwa ameketi.

"Hakuna safari nyingine, Ba," alisema. "Na mashine ya Migori haikukosea. Daktari aliniambia msichana. Mimi ndiye niliyesema mvulana."

Uani, Phelesia aliacha kuchota maji.

"Nilimshukuru Mungu mbele ya taa," Ba alisema hatimaye. "Nilimwita kwa jina la Ukweli, nikamshukuru kwa uongo wako. Ulikaa pale ukanisikia nikiimba."

"Nilikusikia. Dhambi hiyo ni yangu na nitaibeba. Lakini ile ya Kisumu tumeifanya sote watatu, Ba, na mimi hainiachi. Kila Hetal akiugua nadhani ndiyo imekuja kumchukua."

Ba alimgeukia mwanawe, akingoja aseme. Kirit alitelemka taratibu mpaka akakaa kwenye kizingiti.

"Nikienda Kisumu huwa sipiti ile barabara," alisema. "Nazunguka sokoni. Miaka miwili nazunguka." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ba, gari niliendesha mimi. Hukuendesha wewe."

Hakusema kwamba amesamehe uongo wa mkewe, wala Kokila hakuuliza. Kwa wiki nyingi alilala kwenye chumba cha magunia ya unga. Siku moja aliingia tu, akamchukua mtoto aliyekuwa akilia, akatembea naye barazani hadi akanyamaza, na kesho yake akafanya vilevile.

Ba alikwenda kwa dada yake Kisumu mwezi wa Januari. Hakuaga kwa maneno. Bijal na Hetal ndio waliompa mdogo wao jina, Urmi, maana yake wimbi, kwa kuwa walisema alikuja na maji. Miezi saba ikapita. Kirit alikwenda kumtembelea mama yake kila mwezi na hakusema walizungumza nini. Kokila alikuwa na amani kiasi katika miezi hiyo, isipokuwa ile hofu ya zamani, ambayo ilipungua na haikuisha. Urmi alipokohoa, bado alihesabu pumzi zake.

Mwishoni mwa Julai dada yake Ba alifariki, na Ba akarudi. Alishuka kwenye pikapu akiwa amekonda, fimbo mkononi. Kokila aliinama kugusa miguu yake kama inavyopasa, na Ba akaweka mkono juu ya kichwa chake, mwepesi, kwa kitambo kidogo tu.

Asubuhi iliyofuata Ba aliomba maji ya uvuguvugu na mafuta ya nazi. Akaketi uani juu ya kigoda, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, kama wanawake wa kwao wanavyowaogesha watoto.

"Nipe," alisema.

Kokila hakumpa mara moja. Ba alingoja, mikono ikiwa wazi, bila kuinua uso. Halafu Kokila akainama akamlaza Urmi juu ya miguu ile, na mtoto, ambaye hakumjua bibi yake, akamtazama bila kulia. Ba alianza na miguu, akapanda tumboni, akasugua kifua, vidole vyake vyembamba vikiteleza kwa mafuta hadi karibu na shingo.

"Ana mifupa ya babu yake," Ba alisema, labda akimwambia mtoto.

Kutoka jikoni Phelesia alimwita Kokila mara mbili kwamba uji unafurika. Kokila alimsikia. Alibaki amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu, macho yake kwenye mikono ya mama mkwe wake, na hakuthubutu kuyaondoa.